Natoka kwenye bustani kuingia kwenye uchimbaji: nisimame mwenyewe au nimtangulize mwanamume?

UmandeWaAsubuhi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, poleni na kazi. Kwa miaka sita nimekuwa nikitengeneza bustani na kupendezesha mandhari ya majengo. Nilianza na vibarua wawili na toroli moja, na leo nina watu kumi na mmoja wanaopanda nyasi na miti, kujenga njia za mawe na kutandika mabomba ya umwagiliaji. Kazi haikosekani, ila kila mwaka narudi kwenye kero ileile: naitwa jengo likiwa limekwisha, mshitiri amechoka na mfuko wake umekauka, na ule udongo wa juu wenye rutuba ulishasombwa na malori tangu siku ya kwanza ya ujenzi. Ninaambiwa nioteshe nyasi juu ya mabaki ya zege na udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa na matairi mwaka mzima, na nyasi zikinyauka lawama zinanishukia mimi.

Ndiyo sababu nimeanza kuutazama uchimbaji. Miezi mitatu iliyopita nilichukua kazi yangu ya kwanza ya aina hiyo: shimo la bwawa la kukusanya maji ya mvua, urefu mita 20, upana mita 15, kina mita 1.2, kuta zake zikiwa wima kwa kuwa zitajengwa kwa mawe baadaye. Nilizidisha nikapata mita za ujazo 360, nikagawa kwa lori la mita 10, nikapata safari 36, nikatoa bei ya mkupuo, yaani bei moja kwa kazi nzima. Udongo ulipotoka ardhini nilishuhudia lundo likikua mbele ya macho yangu. Malori yalikwenda safari 47, na faida yote ikaondoka na zile safari 11 ambazo sikuzihesabu.

Nina maswali mawili. La kwanza: shemeji yangu, pamoja na mhandisi mmoja ninayefanya naye kazi, wananishauri nimweke mwanamume awe sura ya kampuni kwa upande wa uchimbaji, kwa madai kwamba wateja humwamini mwanamke kwenye maua lakini si kwenye mashimo. Nilibisha, kisha nikakumbuka kwamba kwenye lile bwawa mshitiri alipofika alinipita, akampa mkono opereta wa mashine ya kukodi na kumwuliza yeye habari zote za kina na muda, ilhali mkataba umesainiwa na mimi. La pili: nimeoneshwa ekskaveta (mashine ya kuchimbia) iliyotumika, ya tani 14, saa 7,800 za kazi kwenye mita yake. Niinunue, au niendelee kukodi? Ningependa kuwasikia waliowahi kuifanya kazi hii kwa mikono yao, hasa kina mama.

---

MamaKifusi amejibu:

Mwanangu Umande, hujambo. Mimi nimo kwenye udongo kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, nikianza na kukodi lori moja la kubeba mchanga, kwa hiyo nitajibu kirefu kidogo na utanivumilia.

Naanza na zile safari 11, kwa kuwa naona unazitaja kama aibu, na si aibu ya mwanamke. Wanaume wengi wamefilisika kwa hesabu hiyohiyo wakiwa wamevaa kofia zao ngumu. Udongo una ujazo wa aina tatu. Upo ujazo wake ukiwa umelala ardhini, upo ujazo wake ukiwa umevurugwa na kupakiwa kwenye lori, na upo ujazo wake ukiwa umeshindiliwa mahali papya. Mchanga ukichimbwa huvimba kwa asilimia 10 hadi 15 hivi. Mfinyanzi huvimba kwa asilimia 20 hadi 40. Mwamba uliopasuliwa kwa baruti unaweza kuvimba kwa nusu yake au zaidi. Wewe ulichimba mfinyanzi uliovimba kwa asilimia 30, na ndiyo maana 360 iligeuka 468 na safari zikawa 47. Ungekuwa unajaza badala ya kuchimba, kosa lingekuja kwa upande wa pili, kwa sababu udongo ukishindiliwa vizuri husinyaa na kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa ardhini, nawe ungejikuta unaagiza malori ya ziada ambayo hakuna aliyeahidi kuyalipia. Ongeza na uzito: mfinyanzi uliolowa unaweza kufikisha lori kwenye kikomo cha tani zake kabla bodi haijajaa, hivyo "lori la mita 10" siku ya mvua huwa lori la mita 7.

Dawa yake imo kwenye mkataba, mahali ambapo watu wa bustani hawajazoea kupatazama. Usitoe tena bei ya mkupuo kwa kazi ya kuchimba kabla ya kutoboa mashimo madogo ya majaribio na kuuona udongo wenyewe. Andika bei kwa kila mita ya ujazo "ikiwa ardhini, kama ilivyopimwa kabla na baada ya kuchimba". Andika bei ya pembeni ya mwamba, na nyingine ya siku za kutoa maji kwa pampu. Mshitiri atakayegoma kuyasaini hayo anataka kukuuzia bahati nasibu, mwachie mwingine ainunue.

Sasa hilo la kumtanguliza mwanamume. Katika mwaka wangu wa tatu nilichimba msingi wa ghala moja, na msimamizi wa upande wa mshitiri, ambaye sitamtaja, alikuwa akizungumza na dereva wangu tu. Siku ya kupima kina alitangaza mbele ya watu kwamba shimo limepungua sentimita 25 na kwamba malipo yatazuiwa. Sikupaza sauti. Siku ya kwanza ya kazi nilikuwa nimepiga rangi nyekundu kwenye nguzo ya zege ya uzio na kuandika kimo chake kwenye daftari, naye mwenyewe alikuwa amesaini ukurasa ule bila kuujali. Nilisimika leveli, ile darubini ya kupimia usawa wa ardhi, kwenye miguu yake mitatu, nikamwita asome rula mwenyewe kwenye alama ile, kisha asome chini ya shimo. Alisoma mara mbili. Kina kilikuwa sahihi. Yeye alikuwa ameanza kupima kutoka juu ya lundo la kifusi. Hakuomba radhi, na sikuhitaji aombe, lakini kuanzia jioni ile simu zake zilikuja kwangu.

Ninachokuambia ni kwamba kwenye kazi ya udongo mwenye vipimo ndiye mwenye neno. Sauti nzito humvutia mgeni kwa asubuhi moja, halafu mchana unafika na watu wanataka kujua kama maji yataelekea kwenye ukuta au yatauacha. Ukiwa wewe ndiye unayejua alama ya usawa iko wapi, ardhi karibu na jengo inatakiwa kuinama angalau sentimita 2 kwa kila mita, na leo zimetoka mita ngapi, watakuja kwako wapende wasipende. Nunua leveli kabla hujaiwaza mashine. Jifunze kuisoma wewe mwenyewe, usimwachie kijana wa ofisini.

Tena unayo silaha ambayo wachimbaji wengi hawana, na nashangaa hukuiona wakati umeieleza mwenyewe kwenye aya yako ya kwanza. Mchimbaji huingia siku ya kwanza, mshitiri akiwa bado na fedha, naye huondoka. Mtu wa bustani huingia siku ya mwisho. Anayefanya kazi zote mbili anaushika mradi kwa ncha zake zote. Ukiwa wewe ndiye unayefungua ardhi, utaukwangua ule udongo wa juu kwanza, sentimita 15 hadi 30 kutegemea mahali, utauweka kando kwenye malundo yasiyozidi mita 2 ili usife kwa kukosa hewa, na mwaka ukipita utautandaza tena bila kununua hata lori moja. Utazuia mashine zisipite juu ya mizizi ya mti unaotakiwa kubaki. Waingereza katika kanuni zao za miti hulinda duara ambalo nusu kipenyo chake ni mara 12 ya unene wa shina, maana yake mti wenye shina la sentimita 50 unahitaji mita 6 kila upande. Mchimbaji wa kawaida hana habari na hayo kwa kuwa mti ukifa yeye hayupo.

Nikuongezee mfano wa zamani. Beatrix Farrand alikuwa mwanamke pekee kati ya watu kumi na mmoja walioanzisha chama cha wasanifu wa mandhari cha Marekani mwaka 1899. Alipoanza kujifunza, mwalimu wake Charles Sprague Sargent alimfundisha kwamba mpango uifuate ardhi, ardhi isipindwe kuufuata mpango. Ukiitazama bustani ya Dumbarton Oaks kule Washington, aliyoianza miaka ya 1920 kwenye mteremko, utaona kwamba kabla ya waridi lolote pale pana matuta, ngazi na kuta za kuzuia udongo. Watu husifu maua, mimi huhesabu vifusi.

Kuhusu mashine, ushauri wangu ni mfupi: nunua, na nunua mapema. Anayekodi hufanya kazi siku ambayo mwenye mashine ameamua.

---

Opereta22 amejibu:

Dada Umande, heshima kwako, na shikamoo Mama Kifusi. Mimi ni mwanamume, nimekaa kwenye kiti cha ekskaveta kwa miaka 22, na wawili kati ya mabosi wangu walikuwa wanawake, hivyo nitasema yale ambayo opereta hamwambii bosi.

Opereta mgeni humpima bosi katika siku tatu za kwanza. Atasema mashine imechoka, atasema mafuta hayakutosha, atasema udongo ni mgumu, na kila mara anaangalia kama utauliza swali la pili. Mwanamke hupimwa zaidi, hilo sitalificha. Swali la pili huwa ni la namba. Mashine ya tani 20 kwenye kazi ya kawaida hunywa takribani lita 12 hadi 18 kwa saa, na ikiachwa ikiunguruma bila kazi hunywa lita 3 hadi 5. Mita ya saa haijui tofauti hiyo, inahesabu zote. Kwa hiyo ukiandika kila jioni saa za mita, lita zilizoingia na safari zilizotoka, baada ya wiki mbili utajua mashine inakula kiasi gani kwa kila mita ya ujazo, na siku namba itakaporuka utauliza swali ambalo opereta hawezi kulijibu kwa hadithi.

Jifunze pia kuiendesha. Sikuambii uwe opereta. Hilo linataka miaka, na kampuni itakufa ukikaa kwenye kiti kutwa. Wiki mbili kwenye uwanja mtupu zinatosha kukufahamisha kwamba mashine ikigeuzwa nyuzi 180 kila ndoo badala ya 60 unapoteza karibu theluthi ya siku, na kwamba lori lilipaswa kusimama upande ule na si huu. Bosi wangu wa pili alikuwa akija asubuhi, anayasogeza malori kwa kidole, anaondoka. Tulikuwa tunamaliza saa tisa kazi ambayo wengine wanaimaliza usiku. Hakuna aliyewahi kumwuliza mume wake yuko wapi.

Kuhusu yule mshitiri aliyekupita na kumpa mkono opereta: kosa lilianza kwa opereta kujibu. Kabla ya kazi kuanza mwambie waziwazi kwamba maswali ya bei, muda na kina yanajibiwa na wewe peke yako, na kwamba akiulizwa azime mashine na kukuonesha kwa mkono. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi, na hainipunguzii kitu. Mshitiri akioneshwa hivyo mara mbili, ya tatu haji kwangu.

Kama utaiendea hiyo mashine ya saa 7,800, usidanganywe na rangi mpya. Nenda asubuhi kabla haijawashwa, ili uione ikiamka baridi. Moshi wa bluu unamaanisha inachoma oili, mweusi ukiendelea unamaanisha hewa haitoshi au mafuta yamezidi, na mweupe usiokoma unaweza kuwa maji ya rejeta yanayoingia kwenye injini. Inua mkono wote, zima, na ungoje: ukishuka wenyewe haraka kuna mahali mafuta ya haidroliki yanavuja kwa ndani. Tikisa ndoo uone pini na bushi zinacheza kiasi gani. Kisha lala chini uitazame minyororo, roli na meno ya magurudumu yake, kwa sababu kwenye mashine ya minyororo sehemu hiyo ya chini inaweza kumeza karibu nusu ya gharama zote za matengenezo katika maisha yake. Mwisho omba daftari la huduma. Oili ya injini hubadilishwa kila saa 250 kwenye mashine nyingi. Asiyekuwa na daftari amekisia.

Na tafadhali, jambo moja halina mjadala. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukuta wa shimo hauanguki kwa kutoa taarifa. Kanuni za Marekani zinataka shimo la kuanzia kina cha takribani mita 1.5 ambalo mtu ataingia liwe na kuta zilizolazwa, zilizokatwa ngazi au zilizoegemezwa kwa vizuizi, isipokuwa kwenye mwamba imara, na kifusi kikae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Hata kwenye kina kifupi zaidi, mwenye macho aangalie nyufa ukingoni. Nimewahi kuchimba kumtoa mtu. Sitaandika zaidi ya hapo.

---

Mkadiriaji_M amejibu:

Nafuatilia mjadala huu nikiwa mkadiriaji majenzi, yaani mpiga hesabu za gharama za ujenzi, na kwa heshima zote kwa Mama Kifusi, sikubaliani naye kwamba dada anunue mapema. Mama alinunua akiwa tayari na kazi za udongo. Dada ana kazi moja, nayo ilimtia hasara.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Jumlisha kila utakacholipa kwa mwezi hata mashine isipozunguka: rejesho la mkopo, bima, mshahara wa opereta, ulinzi, na akiba ya matengenezo makubwa, ambayo kwenye mashine ya saa 7,800 haiwezi kuwa ndogo. Gawa jumla hiyo kwa tofauti iliyopo kati ya unacholipa kukodi kwa saa (mashine ikija na opereta na mafuta yake) na mafuta na oili utakazonunua mwenyewe kwa saa hiyohiyo. Jibu ni idadi ya saa ambazo lazima ufanye kila mwezi ili kununua kulingane na kukodi. Mwezi wa kazi una saa kama 170. Jibu likikutokea 90 nawe kwenye daftari lako una saa 40, unanunua pambo la uwanja. Na usiuhesabu mwezi mzuri peke yake, kwa maana mvua huja, mshitiri huchelewesha vibali, na mashine hulala huku rejesho halilali.

Kuna tatizo la pili ambalo watu wa uchimbaji hulizoea hadi hawalitaji tena. Mafuta na opereta hulipwa wiki hii, mshitiri hulipa baada ya kipimo kuthibitishwa, mara nyingi siku 30 au 60 baadaye, na katika mikataba mingi asilimia 5 hadi 10 ya malipo huzuiwa mpaka mradi ukamilike. Mchimbaji anayemaliza mwezi wa kwanza anaweza kuingoja sehemu hiyo mpaka mpaka-rangi aondoke. Omba mapema kwamba fedha zako zinazozuiwa ziachiwe kazi ya udongo itakapokubaliwa, si jengo litakapokwisha. Wengine hukubali, kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuwaomba.

Kuhusu mkopo, mtakutana na ukuta mwingine: wanawake wengi huombwa hati ya ardhi ambayo jina lililoandikwa si lao. Njia inayofaa kuulizia ni ukodishaji wa kununua, ambapo mashine yenyewe ndiyo dhamana na hubaki mali ya mkopeshaji mpaka deni liishe. Riba yake huenda ikawa ya juu, lakini hulazimiki kumwomba mtu asaini kwa niaba yako, na aliyesaini kwa niaba yako siku moja atakumbuka kwamba alisaini.

---

NilishaPitaHapo amejibu:

Mimi nilimtanguliza mwanamume. Alikuwa ndugu wa mume wangu, mtu mwema wala si mwizi, na kwa miaka miwili mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa kweli alipokelewa haraka kwenye ofisi ambazo mimi nilisubirishwa kwenye benchi. Tatizo lilikuja pale alipopata kazi kwingine. Wateja walikuwa na namba yake, walijua jina lake, na wawili walipopata miradi mipya walimpigia yeye, naye akawaelekeza kwa rafiki yake bila nia mbaya yoyote. Kampuni iliyokuwa na jina langu kwenye usajili haikuwa na jina langu kwenye kichwa cha mtu yeyote. Ilinichukua miaka mitatu kujitambulisha upya kwa watu ambao nilikuwa nimewafanyia kazi.

Kuwa na msimamizi mwanamume kwenye eneo la kazi hakuna ubaya. Ninaye hadi leo. Mpe barua inayosema anaweza kuamua nini na hawezi kuamua nini, na kila kipimo na kila ankara itoke na sahihi yako.

---

UmandeWaAsubuhi amejibu:

Ahsanteni sana nyote. Mama Kifusi, nimesoma jibu lako mara tatu, na ile sehemu ya kuushika mradi kwa ncha zote mbili nimemsomea mhandisi wangu kwa simu. Alinyamaza kidogo kisha akasema tuzungumze. Kuhusu mashine, nimefanya hesabu ya Mkadiriaji. Saa ninazohitaji ni 104 kwa mwezi, na kwa kazi zilizopo mezani ninazo 35. Nitaendelea kukodi huku nikiandika saa kwenye daftari, na mama utanisamehe. Leveli nimekwisha iagiza.

Shemeji nimemwambia hapana. Hakufurahi.

Lipo la mwisho. Yule mshitiri wa bwawa amenipigia akitaka kina kiongezwe kwa sentimita 40, kwa kuwa maji hayatamtosha, kisha waashi waanze kujenga kuta za mawe. Safari hii nimeandaa bei kwa mita ya ujazo ikiwa ardhini: 20 mara 15 mara 0.4 ni 120, ikivimba ni 156, safari 16. Naona niko sawa?

---

Opereta22 amejibu:

Dada, hesabu ni sawa lakini shimo si sawa. Mita 1.2 na sentimita 40 ni mita 1.6, kuta ni za mfinyanzi, zimesimama wima miezi mitatu, na waashi watainama chini yake wakiwa wamezipa mgongo. Usimwingize mtu humo kabla ya kuzilaza.

---

MamaKifusi amejibu:

Amesema kweli, na ndipo bei yako inapobadilika. Ukilaza kuta kwa mwinuko wa mita moja kwa kila mita moja, yaani mita 1.6 kwenda chini na mita 1.6 kwenda nyuma, mzunguko wa mita 70 utakupa karibu mita za ujazo 90 nyingine, ukiacha pembe. Hapo ardhini unazo 210, zikivimba ni 273, safari 28. Ila sehemu kubwa ya hizo 90 usiisombe, iweke mbali na ukingo, kwa sababu waashi wakimaliza utairudisha nyuma ya ukuta na kuishindilia kwa matabaka ya sentimita 20, na kazi hiyo nayo ina bei yake. Kama bado pana udongo wa juu wenye rutuba, ukwangue kwanza kwenye hizo mita 1.6 za pembeni kabla mashine haijapakanyaga. Nyasi ni zako mwishoni. Leo mshitiri amempigia nani?

---

UmandeWaAsubuhi amejibu:

Amenipigia mimi. Bei ya kwanza nilikuwa nimeiandika tayari, haijatumwa, nimeichana. Kesho saa moja asubuhi naenda kuziangalia hizo kuta na rula, na shimo litawekewa kamba hadi mashine ifike.